Wasoma habari wa runinga: kutoka meza ya VoK hadi king'amuzi cha Kasikeu

Leo tunaweka kando JavaScript na hifadhidata, tuzungumze historia. Msikimbie, teknolojia imo ndani yake, tena tele.

Leonard Mambo Mbotela alifariki Februari 2025. Wengi walimsifu kwa sauti yake, kwa ucheshi wake na kwa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Sifa hizo zote alistahili. Lakini mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, na nikisikia mtu akisifiwa kwa kazi ya hewani huwa najiuliza pia kuhusu mtambo uliomfikisha hewani. Basi nikaanza kuwapanga watangazaji wetu wa habari kwa miaka, na pembeni nikapanga mitambo ya wakati wao. Nikaona kwamba kila mtambo mpya ulipoingia ulibadilisha mambo matatu: nani anaweza kusoma habari, nani anamlipa, na anaondoka vipi kazini.

Hebu tupitie pamoja.

Msoma habari akiwa mtumishi wa serikali (1962 - 1989)

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) lililokuwa limeundwa mwaka mmoja kabla. Mwaka 1964, baada ya uhuru, serikali ililitwaa shirika hilo na kuligeuza kuwa Sauti ya Kenya, au VoK kama wazee wetu wanavyoiita hadi leo. VoK ilikuwa chini ya wizara iliyohusika na habari. Redio na runinga zilikaa nyumba moja.

Fikiria maana yake kwa kijana aliyetaka kusoma habari wakati huo. Mwajiri ni mmoja tu. Ukigombana na mkubwa wako, hakuna stesheni ya pili ya kukimbilia. Ukifanya vizuri, unapanda cheo kama karani yeyote wa serikali, na mwisho wa safari kuna pensheni. Mafunzo ulipata katika taasisi ya mawasiliano ya KIMC pale Nairobi, ambayo nayo ni ya serikali. Habari ya kwanza kila usiku ilikuwa ya rais, iwe alifungua kiwanda au alisalimia watu kando ya barabara.

Katika mfumo kama huo msomaji hakuwa nyota kwa maana ya leo. Hata hivyo alijulikana nchi nzima, kwa sababu palipo na stesheni moja kila mwenye runinga anamwona mtu yule yule. Uchache wa masafa ndio uliompa umaarufu.

Mwaka 1989 VoK ilirudishiwa jina la KBC na kufanywa shirika. Jina lilibadilika, mwenye mali akabaki yule yule.

Usiku ambao sauti ilikuwa nywila

Kabla hatujaiacha VoK, lazima tusimame kwenye tarehe 1 Agosti 1982. Najua kisa hiki ni cha redio, lakini bila hicho sehemu ya mwisho ya makala haya haitaeleweka.

Alfajiri ya siku hiyo wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Waliiteka VoK mapema. Kisha wakiongozwa na Hezekiah Ochuka wakaenda nyumbani kwa Mbotela, wakamwamsha, wakampeleka studio na kumfanya asome tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Saa chache baadaye wanajeshi watiifu kwa serikali waliikomboa stesheni, na Mbotela huyo huyo akatangaza kwamba serikali ya Moi ingali madarakani.

Sasa liangalie jambo hili kwa jicho la mtu wa kompyuta. Wale waasi walikuwa na jengo, na mitambo, na mawimbi. Kwa nini basi wakamfuata mtu kitandani? Kwa sababu tangazo lililosomwa na askari asiyejulikana lingeweza kupuuzwa. Walitaka sauti ambayo mwananchi akiisikia anaamini. Sauti ya Mbotela ilikuwa kama nywila ya mfumo mzima, na upande wa pili ulipotaka kurudi ulitumia nywila ile ile.

Liweke hilo akilini. Tutalirudia.

1990: KTN, na meza inakuwa na ushindani

Machi 1990 ilianza KTN, stesheni ya kwanza ya runinga ya kibinafsi nchini. Mwanzoni ilionekana Nairobi na maeneo ya karibu tu. Kwa watu wa mbali ilikuwa uvumi wa mjini. Lakini kwa wasoma habari ilikuwa mlango mpya kabisa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuiacha stesheni ya serikali na bado akaendelea na kazi ile ile.

Mfano bora ni Catherine Kasavuli. Aliingia VoK mwaka 1980 akiwa msichana mdogo, na mwaka 1990 akahamia KTN, ambako anakumbukwa kama mwanamke wa kwanza kusoma habari moja kwa moja kwenye runinga hiyo mpya. Baadaye alihamia Citizen. Ukilinganisha na kizazi kilichomtangulia utaona tofauti: mwajiri sasa anaweza kunyang'anywa msomaji, kwa hivyo sura ya msomaji ina bei.

Desemba 1999 ikaingia runinga ya Nation, ambayo leo ni NTV. Citizen ya Royal Media nayo ilikuwa imeanza mwaka huo huo, ikaja kujipanga upya na kushika kasi katikati ya miaka ya 2000. K24 ikafuata 2007. Kila stesheni ilihitaji sura zake za saa moja na za saa tatu usiku.

Kusoma bila kuonekana unasoma

Kifaa kimoja kilichoibadilisha sana kazi hii duniani ni teleprompta. Kilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwanza kwa ajili ya waigizaji. Kinavyofanya kazi ni rahisi mno. Mbele ya kamera kuna kioo kilicholazwa kwa mshazari. Chini yake kuna skrini inayoonyesha maandishi kinyumenyume. Kioo kinaakisi maandishi kuelekea kwa msomaji, lakini kamera iliyo nyuma ya kioo inapenya na kumwona msomaji tu. Kwa hivyo anakutazama machoni huku anasoma. Bila kifaa hicho msomaji huinamia karatasi, na mtazamaji anaona utosi.

Mwaka juzi niliandikia studio moja ndogo ya Nairobi programu ya kuviringisha maandishi ya teleprompta. Programu nyingi za aina hii hupima kasi kwa maneno kwa dakika. Kipimo hicho kimeshonwa kwa ajili ya Kiingereza. Chukua neno "hawakushirikishwa": ni neno moja, lakini lina silabi saba, na msomaji anahitaji pumzi ya maneno matatu manne ya Kiingereza kulitamka. Ukitumia kasi ya Kiingereza maandishi yanamkimbia msomaji wa Kiswahili.

Suluhisho lilikuwa kupima silabi. Hapa Kiswahili kinampa raha mtu wa programu, kwa sababu karibu kila silabi yetu inaishia kwa vokali. Hesabu a, e, i, o na u katika sentensi na umepata idadi ya silabi, ukiacha vighairi vichache kama m ya "mtu". Ni mstari mmoja tu wa msimbo! Jaribu kufanya hivyo kwa Kiingereza uone moto.

Nimelitaja hili kwa sababu kazi ile ilinifundisha ufundi wa wasomaji wetu wa Kiswahili. Miaka mingi walisoma lugha ya maneno marefu kwa vifaa vilivyotengenezewa lugha ya maneno mafupi, na sisi nyumbani hatukuona shida yoyote.

Huku kwetu Kasikeu

Kwa wasioijua, Kasikeu iko Makueni, eneo bunge la Kilome, si mbali na Sultan Hamud kwenye barabara kuu ya Mombasa. Nilikulia huko miaka ya 2000. Nyumba nyingi hazikuwa na stima, kwa hivyo runinga ilikuwa Great Wall nyeusi na nyeupe ya inchi 14, ikiendeshwa na betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu, na mtoto mmoja alitumwa nje kuizungusha huku wengine wakipiga kelele ndani: "Hapo! Hapana, rudisha!"

KBC ilikuwa ikirushwa kwa VHF, mawimbi marefu yanayovumilia vilima kidogo. Stesheni za kibinafsi nyingi zilitumia UHF, ambayo mlima mmoja tu unatosha kuikata. Kwetu KBC ilionekana vizuri na wengine walikuja na chenga. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa rika langu wa Nairobi na wa Kasikeu walikua wakimtazama nani, majibu yatatofautiana. Umbo la ardhi lilituchagulia watangazaji.

Ratiba nayo ilichagua. Habari za Kiswahili zilikuwa saa moja usiku, za Kiingereza saa tatu. Kufikia saa tatu betri ilikuwa inaokolewa kwa ajili ya kesho. Wasomaji wa Kiingereza tuliwajua kwa majina ya magazetini. Wasomaji wa Kiswahili walikuwa wageni wetu wa kila jioni.

Majina mengi yalikuwa ya Pwani: Badi Muhsin, Swaleh Mdoe, baadaye Kanze Dena, Lulu Hassan. Shuleni mwalimu alituambia tuwasikilize ili tunyooshe ndimi, kwa sababu Kikamba hakina sauti r. Hata hilo neno "runinga" lenyewe lilitushinda, tukasema "luninga". Ilionekana kwamba kusoma habari kwa Kiswahili ni urithi wa watu wa Pwani, kama vile ukambaa na kuchonga vinyago ni wetu.

Aliyelivunja wazo hilo kwangu ni Ken Walibora. Yeye alitoka magharibi mwa nchi, akasoma habari za Kiswahili, na wakati huo huo akawa mwandishi wa Siku Njema (1996). Sisi tuliofanya KCSE kati ya 2013 na 2017 tulitahiniwa kwa riwaya yake nyingine, Kidagaa Kimemwozea. Akasoma hadi shahada ya uzamifu Marekani, akarudi. Alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu Nairobi. Kwake yeye meza ya habari ilikuwa kituo tu katika safari ndefu ya lugha.

2015: king'amuzi kinafika

Katika runinga ya analogi, stesheni moja hula kipande kizima cha masafa, megahezi 7 au 8 hivi. Masafa yakiisha, leseni zimeisha. Katika mfumo wa dijitali wa DVB-T2 ambao Kenya iliuchagua, kipande kile kile hubeba stesheni zaidi ya 10 zikiwa zimebanwa pamoja, na king'amuzi chako kinazitenganisha. Ni kama kutoka faili kubwa isiyobanwa hadi zip.

Nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana mwaka 2006 kule Geneva kwamba analogi itakoma Juni 2015. Kwetu mabadiliko hayo yalikuja na vita. Vyombo vikubwa vya habari vilitaka kurusha matangazo yao wenyewe badala ya kubebwa na wengine. Tarehe 14 Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo yao ya analogi, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Ziliporudi Machi, zilikuja kwa mtambo wao wa dijitali.

Kwa wasoma habari mwanzo wake ulikuwa mavuno. Masafa hayakuwa tena kikwazo, stesheni zikachipuka, na za lugha za mama zikapata nafasi. Inooro TV ya Kikuyu ilianza Oktoba 2015, zikafuata nyingine za lugha mbalimbali. Mtu wa Ukambani hakuhitaji tena kuishinda r ili asome habari.

Lakini kumbuka hesabu yetu ya VoK: uchache ndio uliokuwa ukitengeneza umaarufu. Stesheni zikawa nyingi, fedha za matangazo ya biashara zikawa zile zile, tena nyingine zikaanza kuhamia Facebook na Google. Mwaka 2016 Nation ikaifunga QTV. Mwaka 2019 ikawa zamu ya K24 kutangaza kupunguza wafanyakazi. Yule mtumishi wa serikali wa 1970 hakuwa na uhuru, lakini alikuwa na pensheni. Msomaji wa 2019 alikuwa na wafuasi wengi Twitter na mkataba unaoweza kukatwa kwa barua moja.

Milango ya kutokea

Je, wanakwenda wapi? Nimehesabu milango minne mikubwa.

1. Ikulu. Kanze Dena aliondoka Citizen mwaka 2018 na kuingia kitengo cha mawasiliano cha Ikulu, akawa msemaji. Tanzania nao waliona jambo hilo hilo mwaka 2022, Zuhura Yunus alipotoka BBC Swahili kwenda kuongoza mawasiliano ya Rais Samia.

2. Bunge. Naisula Lesuuda alikuwa mtangazaji wa KBC. Aliingia Seneti mwaka 2013 kwa kuteuliwa, kisha akachaguliwa mbunge wa Samburu Magharibi mwaka 2017.

3. Ughaibuni, au stesheni za kigeni hapa hapa. Beatrice Marshall alitoka KTN kwenda CCTV ya Uchina ilipofungua ofisi yake Nairobi mwaka 2012. Larry Madowo alitoka NTV kwenda BBC mwaka 2018, kisha CNN.

4. Biashara yako mwenyewe. Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla walianza kusoma habari pamoja Citizen mwaka 2018, mke na mume kwenye meza moja. Pembeni wana kampuni ya Jiffy Pictures, iliyotengeneza tamthilia ya Maria. Huu naona ndio mlango wa busara zaidi, kwa sababu sura inazeeka lakini haki za kipindi unabaki nazo.

Na wale wa zamani? Mwaka 2021 KBC iliwarudisha wakongwe hewani, Kasavuli na Badi Muhsin wakiwemo. Watu walifurahi sana, hata vijana ambao hawakuwahi kuwaona. Furaha hiyo haikudumu. Badi Muhsin alifariki Mei 2022. Kasavuli akafuata Desemba mwaka huo kwa saratani, akiwa na miaka 60.

Swichi

Sasa turudi kwenye nywila.

Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha pale Uhuru Park, serikali ilizizima Citizen, NTV na KTN. Mahakama iliamuru zirudishwe, lakini zilikaa gizani siku kadhaa, Citizen ikawa ya mwisho kurudi Februari 8. Wanahabari wa NTV, Larry Madowo na Linus Kaikai wakiwemo, walilala ofisini wakihofia kukamatwa. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ikazimwa tena hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Haya yote yalitokea chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari.

Linganisha na 1982. Waliotaka kuishika hewa wakati ule walilazimika kwenda kugonga mlango wa mtu. Mwaka 2018 na 2025 hakuna aliyehitaji kumwamsha msomaji yeyote. Wahusika walikwenda kwenye mtambo na kubonyeza. Msomaji alibaki mezani amevaa suti, teleprompta inaviringika, na Kasikeu hakuna anayemwona.

Sisi watu wa programu tunafundishwa kuogopa mfumo ulio na sehemu moja ambayo ikifa kila kitu kinakufa. Mnara wa kurushia matangazo ni sehemu ya namna hiyo. Kilichosaidia siku zile za 2018 na 2025 ni intaneti, kwa sababu wasomaji waliendelea kusoma kupitia YouTube na mitandao mingine. Lakini bando linahitaji pesa, na bibi yangu hana YouTube. Ana king'amuzi.

Kuna jambo jingine. Novemba 2018 shirika la habari la Xinhua la Uchina lilionyesha msoma habari aliyetengenezwa na kompyuta, na leo kijana yeyote mwenye kompyuta nzuri anaweza kutengeneza wake. Najua jinsi zinavyotengenezwa na sizichukii. Lakini Mbotela aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya asubuhi ile, na mara nyingi alituhadithia nani aligonga mlango, nani alishika bunduki, na alilazimishwa kusoma nini. Mashine ingesoma tangazo lile lile bila kutetemeka, na baadaye isingekuwa na la kumhadithia mtu.

Kazi ya nyumbani

Kama nyumbani kuna kanda ya VHS iliyorekodiwa kutoka runinga miaka ya 1980 au 1990, usiitupe, hata kama ni harusi ya shangazi. Watu wengi waliacha kinasa kikiendelea, na mwishoni mwa kanda hukosi dakika tano za taarifa ya habari. Kanda hizo zinaoza, sumaku inapungua kila mwaka. Unachohitaji ni mashine ya VHS inayofanya kazi, kifaa kidogo cha USB cha kuingiza picha kwenye kompyuta (vinauzwa Luthuli Avenue), na programu ya OBS ambayo ni ya bure. Chomeka waya wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti, rekodi mwanzo hadi mwisho bila kukatiza, kisha hifadhi nakala mbili mahali tofauti. Andika tarehe na jina la msomaji kwenye jina la faili.

Mimi nimeanza na kanda tatu za jirani yetu hapa Kasikeu. Moja ina chenga tupu. Ya pili ni mechi ya Harambee Stars. Ya tatu bado sijaicheza, nasubiri kusafisha kichwa cha mashine.